Kiganja Kidogo Chini ya Kigae

Mimi ni mama mtu mzima, miaka yangu inakaribia hamsini, na ninaishi Lukuledi na mume wangu wa pili pamoja na wajukuu wasionisikia. Sikuwa na nia ya kuyaandika haya. Nilikwisha yafukia moyoni nikadhani yatakaa huko mpaka siku yangu ifike.

Lakini majuzi nilikwenda Masasi kumwona binti wa ndugu yangu aliyejifungua. Anakaa katika zile nyumba za safu, chumba ubavuni mwa chumba, paa moja la nyasi toka mwanzo hadi mwisho. Nikakuta vijana wa jirani wanachoma nyama upenuni. Upenuni, wasomaji wenzangu! Mafuta yanadondoka, ndimi za moto zinaruka, na wao wanacheka na kugeuza mishikaki. Nikawaambia, wanangu, uondoeni moto huo hapo. Mmoja akanijibu kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Usiwe na hofu, tutauzima tukimaliza."

Tutauzima tukimaliza... Nilikaa chini pale pale. Maneno hayo niliwahi kuyasikia kabla, na aliyeyasema alikuwa mume wangu wa kwanza.

Basi nipeni masikio yenu.

Kwetu ni Masasi, Wayao, watu wa kulima na kuchuuza kidogo. Nilipotoka unyagoni baba aliniozesha kwa kijana wa Newala, kule juu, jina lake Issa. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye maneno matamu, na kila alipopita alitaka watu wajue kwamba kapita. Nilimpenda, sikatai. Tulijaliwa mtoto mmoja, Salima.

Mtu wa Masasi akifika Newala jambo la kwanza linalomtoa machozi ni maji. Kule juu hayapo. Wanawake tulishuka bondeni asubuhi, tukapanda jua likiwa kali, kila mmoja na mtungi wake kichwani. Maji hayo yakapimwa kwa kata, ya kunywa, ya kupikia, ya kunawa uso. Nani angeyamwaga juu ya makaa? Moto wa nje ulizimwa kwa mchanga, na mchanga, mnajua wenyewe, huficha moto kabla haujauua.

Ndiyo maana kijiji kile kilikuwa na mwiko wake. Mama mkwe alinifundisha nikiwa bado bibi harusi. Mkono wake ulikuwa mzito na maneno yake machache, na mimi nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa chui.

"Aliyewasha moto wa nyama nje ndiye mwenye moto," aliniambia. "Haachii mtu. Wenzake wanakula, yeye hali. Anachimbua makaa, anayatenganisha, anayachanganya na mchanga mpaka chini. Halafu anazamisha kiganja chake humo na kuamkia kimoyomoyo. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, za watoto, za shamba. Ukifika za shamba mkono bado umo ndani, moto umekufa. Ukiutoa kabla, moto uko hai, chimbua tena."

Baada ya hapo mwenye moto alisawazisha mchanga, akapiga kiganja juu yake kikaacha alama, akafunika alama hiyo kwa kigae cha chungu ili upepo usiifute. Kesho yake asubuhi aliinua kigae mwenyewe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukiinua. Ndipo naye alipokula nyama aliyowekewa, baridi, imekauka. Nilicheka nilipoyasikia haya mara ya kwanza. Niliona ni mambo ya washamba wa juu, maana kwetu Masasi tulimwaga maji tukaenda kulala.

Basi ukaja ule mwaka wa vita.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Habari zilipanda mlima kila siku, na kila siku zilikuwa mbaya kuliko za jana. Mara Wangoni wako njiani. Mara Masasi kumechomwa, Wazungu wa misheni wamekimbia. Mara askari wa Mjerumani wanakuja, nao wanachukua chakula na wanaume wa kubeba mizigo. Na kila kinywa kilizungumza juu ya maji... maji ya dawa, maji yanayogeuza risasi. Wengine waliyaamini, wengine waliyacheka, lakini wote walishusha sauti walipoyataja.

Watu wa bondeni wakaanza kutukimbilia kule juu. Kaka yangu Hamisi alifika na mkewe na watoto, nguo zao zimeraruliwa na miiba, mkononi anaburuta beberu mmoja tu aliyemwokoa. Nililia kwa furaha na kwa uchungu. Tukawajengea kibanda cha nyasi kati ya nyumba yetu na nyumba ya mama mkwe. Kila familia ilifanya hivyo. Kabla ya mwezi kwisha hapakuwa na nafasi ya mbuzi kupita kati ya nyumba na nyumba. Ungeweza kutembea juu ya mapaa kutoka kwetu mpaka kwa jumbe bila kugusa ardhi.

Jumbe hakuwa mjinga. Alipita na mtu wa kupiga ngoma, akatangaza kwamba hakuna kuchoma nyama uani mpaka mvua inyeshe. Mwenye nyama aipeleke kwenye kiwanja kilichofyekwa nje ya kijiji, upande ambao upepo unaelekea ukitoka kijijini, si ule unakotokea. Tena moshi ukionekana mbali utawaita watu wa vita.

Issa aliisikia ngoma. Sote tuliisikia.

Lakini Issa alikuwa na mgeni, na mgeni huyo ni shemeji yake. Asubuhi moja akaamua kumchinja beberu, na Hamisi akakubali, maana watoto walikuwa hawajaonja nyama tangu watoke kwao. Nikamwambia mume wangu, tuipeleke kiwanjani. Akacheka.

"Kiwanjani? Harufu ya nyama huita ndugu usiowajua. Tutabaki na kwato."

Watu wote wakacheka, hata mimi nilicheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisimama mlangoni kwake akitazama jinsi majani makavu yalivyokuwa yakizunguka uani, yakipanda, yakishuka, yakipanda tena. Upepo wa siku ile sikuupenda. Ulikuja kwa mikupuo, ukatulia kama umekwenda zake, halafu ukarudi kwa nguvu.

Issa akachimba shimo dogo hatua chache tu toka kwenye kibanda cha wageni. Akawasha. Akatandika vijiti vibichi juu yake, nyama ikaanza kulia. Mafuta ya beberu yule yalikuwa mengi. Mara ulimi wa moto ukaruka, ukagusa nyasi za kibanda, zikashika! Hamisi akazipiga kwa kanga ya mkewe zikazimika. Kikabaki kidoa cheusi pembeni mwa paa.

Unadhani waliuhamisha moto? Walitaniana. Issa alimwambia Hamisi kwamba watu wa Masasi wanaogopa hata kivuli cha moto.

Mtungi wa ndani ulikuwa umekauka, wageni wameumaliza. Ilinipasa kushuka bondeni. Nilijitwika ngata, nikachukua mtungi, kisha nikasimama. Nikautazama ule moto.

"Baba Salima," nikamwuliza, "nani mwenye moto?"

"Mimi. Si umeniona nawasha?"

"Na utauzima?"

"Nenda zako, Mama Salima. Tutauzima tukimaliza."

Salima alitaka kunifuata. Baba yake akamwambia abaki ale nyama. Nilipogeuka njiani nilimwona amechuchumaa karibu na babake, mkononi ameshika ubavu wa mbuzi mkubwa kuliko uso wake, na ule mkufu mdogo wa shanga niliomfunga kwenye kifundo cha mkono umechafuka kwa mafuta. Nikasema moyoni, nikirudi nitauosha.

Tulikuwa wanawake wengi bondeni siku hiyo, kwa sababu ya wageni. Kisima kilitoa maji polepole, tukangoja kwa zamu. Jua lilikuwa limeshapinda nilipoanza kupanda.

Nusu ya mlima mwenzangu wa mbele akasimama. Akanyoosha kidole. Juu, pale kilipokuwa kijiji chetu, moshi ulikuwa umesimama, mweusi chini, wa kahawia juu.

"Vita vimefika," mmoja akasema. Wakatua mitungi, wakaingia vichakani na watoto wao migongoni. Waliniita nijifiche. Mimi sikujificha. Wao walimwona adui. Mimi nilikiona kile kidoa cheusi kwenye paa.

Nilipanda na mtungi kichwani. Kwa nini sikuutupa nikakimbia? Nimejiuliza kila siku tangu hapo. Nadhani niliwaza kwamba kama ni moto, mimi ndiye mwenye maji. Dunia nzima ilikuwa inazungumza juu ya maji yanayookoa watu, na mimi nilikuwa nayo, nimeyabeba, yananichuruzikia shingoni.

Nilipofika hapakuwa na cha kuzima. Nyumba yetu, kibanda cha wageni, nyumba ya mama mkwe na nyingine kadhaa kuelekea kwa jumbe, zote zilikuwa zimelala chini. Watu walikuwa wakirusha mchanga juu ya nguzo zinazofuka. Mke wa Hamisi alikuwa na wanawe salama, walikuwa wamekwenda kuokota kuni. Mama mkwe alikuwa amelazwa chini ya ukuta uliobaki, mikono yake yote miwili imeiva mpaka kwenye viwiko.

Issa alikuwa amesimama.

Nikamwuliza, "Salima yuko wapi?"

Hakunijibu. Nikamwuliza Hamisi. Akatazama chini.

Aliyenijibu ni mikono ya mama mkwe... Mtu haungui mikono hivyo kwa kuokoa vyungu.

Salima alikuwa ameshiba nyama, akaingia ndani kulala. Wanaume walikuwa barazani kwa jumbe. Bibi yake mwenye miguu mibovu alijikokota mpaka mlangoni, akaingiza mikono, akashika guo, na guo likabaki mikononi mwake.

Niliutua mtungi. Wakachota kidogo wakampoza mama mkwe mikono. Maji yaliyobaki, yale niliyokwenda kuwatekea wageni wanywe, ndiyo yaliyomwosha mwanangu kabla hajazikwa.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa msiba wangu. Kumbe nilikuwa bado mlangoni.

Asubuhi yake jumbe aliitisha kikao pale pale uani, penye majivu. Nyumba za watu zilikuwa zimeungua na ilitakiwa ijulikane nani mwenye moto. Mama mkwe hakuwepo, alikuwa amelazwa kwa jirani, anaweweseka. Issa alisimama, akajifuta uso, akasema kwa sauti ile yake tamu ya siku zote.

"Nyama nilichoma mimi. Lakini nilipoitwa barazani moto niliukabidhi kwa mke wangu. Yeye ndiye aliyezima kabla ya kwenda kuteka maji. Kigae chake hicho hapo."

Nilidhani sikusikia vizuri... Huyu ni mume wangu? Huyu ndiye baba wa mtoto tuliyemzika jana?

Kweli shimo lilikuwa pale. Upande mmoja, ule wa kibanda, upepo ulikuwa umefukua mchanga na makaa yametapakaa. Katikati mchanga ulikuwa mahali pake, na juu yake kigae. Wakubwa wakakitazama kigae, wakanitazama mimi. Nilisema kwamba nilipoondoka nyama ilikuwa bado motoni. Mzee mmoja akauliza nina shahidi gani.

Nikamgeukia Hamisi. Kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja. Alikuwepo nilipouliza nani mwenye moto. Aliondoka na Issa kwenda barazani.

Hamisi akasema, "Mimi ni mgeni. Sikuangalia."

Wakaanza kunong'ona. Nikasikia "watu wa chini," nikasikia "wametuletea vita." Mmoja akasema wazi kwamba huenda moto ule niliuwasha makusudi, moshi uwaite wenzangu. Nilijua kinachofuata. Nitateremshwa mlima siku hiyo hiyo, peke yangu, nirudi Masasi kwenye vita, na jina langu litabaki kule juu kuwa la mama aliyemchoma mwanawe. Kufa sikukuogopa. Niliogopa jina hilo. Kaburi la Salima lilikuwa bado bichi, na nisingeweza kulitembelea tena.

Jumbe alikuwa amefungua kinywa atamke, sauti ikatoka nyuma ya watu.

"Mmekiinua kigae?"

Mama mkwe alikuwa ameegemea mabega ya wanawake wawili, mikono yake imefungwa majani ya mgomba. Sijui nani alimwambia. Watu wakampisha.

"Hatukiinui sisi, Mama Issa," jumbe akamjibu kwa heshima. "Unajua mwiko. Mwenye moto ndiye anayekiinua."

"Ndiyo. Na mwanangu amesema mwenye moto ni mkewe. Basi mkewe akiinue."

Nilimwona Issa akisogea hatua moja. Akasema mama anaumwa, arudishwe ndani. Hakuna aliyemsikiliza.

Nilipiga magoti. Kigae kikanishinda mara ya kwanza. Nikakishika tena nikakigeuza.

Kiganja kilikuwa pale, kimepigwa vizuri katikati ya mchanga. Vidole vitano, vimetanuliwa. Kilikuwa kidogo kuliko jani la muhogo. Na penye kifundo cha mkono, mstari wa vitundu vidogo vya shanga.

Watu wakainama kutazama.

"Nilikuwa ndani nabangua karanga," mama mkwe akasema. Hakumtazama mwanawe. "Nilimsikia akisukuma mchanga kwa mguu. Hakuchimbua. Kisha akaita, Salima, njoo unipigie kiganja, nimekwisha vaa kanzu, nawahi barazani. Mtoto akacheka, akapiga. Nami nikanyamaza... nikasema ni mzaha, atarudi kuuzima."

Sasa ndipo nikaelewa. Siku ile askari walikuwa wametuma neno kwamba jumbe achague mkubwa wa walinzi wa njia, na Issa alitaka afike wa kwanza, aonekane. Kuchimbua makaa kungemchelewesha. Angekosa nafasi ya kukaa mbele.

Nikaweka kiganja changu juu ya kile kidogo, polepole, nisikiharibu. Nilitaka tu kumgusa. Na mchanga ule, wasomaji wenzangu... baada ya mchana na usiku, chini ya alama ya mkono wa mwanangu, mchanga ulikuwa bado una joto.

Issa aliulizwa ana neno gani. Alitazama kila mahali isipokuwa kwangu.

"Nilikuwa nawahi, mama," akamwambia mamake.

Jumbe alitoa hukumu ya kijiji. Hakuna atakayempa Issa kaa la moto tena, wala kumruhusu aote kwake. Mtu asiyepewa moto hana kijiji. Aliondoka na msafara wa wapagazi wa askari na hakurudi kwetu. Nilipata talaka yangu kwa kinywa cha mjomba wake.

Hamisi alinifuata baadaye, akalia. Akasema, "Dada, Issa aliniambia nikifungua kinywa tutafukuzwa sote, na watoto wangu ningewapeleka wapi?" Nilimwelewa. Nimemsamehe kwa mdomo, ila moyo bado haujakubali.

Mama mkwe hakupona mikono. Vidole vilishikana vikawa kitu kimoja. Vita vilipopita, na njaa iliyofuata ikapita, niliposhuka kuja Lukuledi nilimchukua. Watu walishangaa, mtalaka anamlea mkwe. Nilimlisha kwa mkono wangu mpaka Mungu alipomwita. Hatukuzungumza tena habari ya siku ile. Alikuwa ananiita mwanangu, nami niliitika.

Basi ninyi mnaokaa nyumba zinazopakana, mnaosoma haya huku nyama inalia nje, nawasihi sana. Moto wa nyama uwe mbali na nyasi, mbali na mlango wa mwenzako, hata kama itabidi uondoke uani kwako na kugawana na usiowapenda. Upepo ukiwa na vurugu, pika mchuzi tu, hautakuua. Watoto wakae mbali. Usimwachie mtu moto uliouwasha wewe, wala usiamini mchanga kwa kuuona umetulia juu. Chimbua, na kama una maji mwaga, wewe uliyebahatika kuwa nayo. Halafu tia mkono, mkono wako mwenyewe. Je, hiyo shughuli unayoiwahi ina thamani gani?

Kwangu Lukuledi tukichoma nyama, moto nawasha mimi. Wajukuu wanakula, wananiletea fungu langu, nami naliweka pembeni. Wanasema bibi hapendi nyama. Naipenda sana, ila nafanya kwanza kazi yangu, naingiza kiganja jivuni, naamkia taratibu. Za nyumbani. Za watoto. Hapo kwenye watoto huwa nachelewa kidogo.